Kwanini mtu anavunja sheria anayoijua? Tuanzie Barabara ya Morogoro

Nilikuwa nyuma ya bodaboda Manzese, saa moja na nusu asubuhi, foleni ya Barabara ya Morogoro imesimama kabisa, na pembeni yetu njia ya mwendokasi nyeupe, haina hata gari moja. Dereva akageuza shingo kidogo akaniuliza, "Braza, tupite?" Nikaangalia saa. Nilikuwa na miadi Posta saa mbili kamili. Nikamwambia pita.

Neno moja tu, na sikulifikiria hata sekunde. Yeye anajua ni kosa, mimi najua ni kosa, ile njia ni ya mabasi tangu mwendokasi uanze mwaka 2016 na hakuna mtu wa Dar asiyejua hilo. Na sote wawili ukituita wahalifu tutakushangaa. Yule kijana ana mke na mtoto, Ijumaa anaswali, mimi sijawahi kuondoka hata na kalamu ya ofisini. Sasa imekuwaje?

Swali hili huwa tunalijibu haraka sana. Utasikia hatuna ustaarabu, vijana wa boda wahuni, faini ipandishwe watanyooka. Nimeshasema hayo maneno mimi mwenyewe, nimekaa siti ya mbele kwenye gari la rafiki yangu, nina hasira za foleni. Lakini kadiri ninavyolifuatilia hili jambo ndivyo ninavyoona kwamba mtu anayevunja sheria mara nyingi hajaacha kutii, kuna kitu kingine anakitii ambacho kwake kina nguvu kuliko ile sheria, na ukitaka kumwelewa inabidi ukitafute hicho kitu ni nini.

Tuanze na hesabu kwanza. Kuna mchumi wa Marekani aliitwa Gary Becker, alikuja kupata Nobel ya uchumi mwaka 1992. Miaka ya 1960 alikuwa anaenda Chuo Kikuu cha Columbia kumfanyia mwanafunzi mtihani wa kuongea, kachelewa, akawa na mawili, apeleke gari kwenye paking ya kulipia au aliache barabarani pasiporuhusiwa. Akapiga hesabu ya haraka haraka, uwezekano wa kukamatwa ukoje, faini shilingi ngapi, na kule paking kutamla muda na pesa kiasi gani. Akaona inalipa kuliacha barabarani, akaliacha, na hakukamatwa. Ndio huko njiani kuelekea kwenye mtihani akaanza kuwaza kwamba kumbe hata wakubwa wa jiji wanaokamata magari na wao upande wao wanapiga hesabu ya namna hiyo. Mwaka 1968 akatoa makala iliyokuja kuwa maarufu sana, na hoja yake kwa lugha yetu ni kwamba anayevunja sheria hana ubongo tofauti na wako, anapima faida na hasara kama mama anayechagua fungu la nyanya sokoni.

Sasa ilete hiyo Manzese. Faini ya kosa la barabarani kwetu kwa gari ni shilingi 30,000, na bodaboda na bajaji nao walikuwa wanalipa hiyo hiyo mpaka bajeti ya mwaka 2021 ilipoishusha kwao ikawa 10,000. Tuseme, mfano tu, dereva akipita njia ya mwendokasi mara 100 anakamatwa mara moja. 10,000 gawanya kwa 100, maana yake kila akipita inamgharimu shilingi 100. Na akipita anaokoa labda dakika 20, na dakika 20 za asubuhi kwa bodaboda ni abiria mwingine, yaani 2,000 nyingine mfukoni. Shilingi 100 kwa 2,000. Hata wewe ungepita. Alafu weka na ule mlango wa nyuma, hela ya maji, ukitoa 2,000 mambo yanaisha palepale bila karatasi, ile 100 inashuka inakuwa 20. Rushwa ya barabarani huwa tunaiongelea kama dhambi ya trafiki na dereva wawili wale, lakini kinachofanyika hasa ni kwamba bei ya kosa imeshuka kwa kila mtu, hata kwa yule ambaye hajawahi kutoa senti, kwa sababu anajua ikibidi atatoa.

Hapo ndipo watu wanaposema basi pandisha faini iwe laki moja. Kimahesabu inaingia akilini. Ila kuna Mtaliano wa Milano, Cesare Beccaria, mwaka 1764 alishalisema hili na mpaka leo wanaosoma uhalifu wanazidi kumpa haki yake, kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa na haraka ya adhabu, ukubwa wa adhabu unakuja nyuma sana. Huna haja ya kwenda Milano kulithibitisha. Panda basi la mkoani. Dereva anatembea atakavyo, akifika sehemu anayojua kuna tochi ya trafiki ya kupima mwendo anashuka mpaka 50 ametulia kama amebeba mayai, au anaona gari linalotoka mbele linamuwashia taa, anajua tayari, anapunguza. Akiishaipita ile tochi kilomita moja tu mguu unarudi palepale. Faini ya kule kwenye tochi na ya huku porini ni moja, sheria ni moja, dereva ni yuleyule. Kilichobadilika ni uhakika. Ukipandisha faini iwe laki na uhakika ukabaki mmoja kwa mia, ulichofanya ni kuongeza ukubwa wa hela ya maji.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho mimi kilinifungua macho zaidi ya hayo ya wachumi. Yule dereva wangu wa Manzese siku ile pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya mkataba, yaani bosi kanunua, yeye anapeleka hesabu kila siku, tuseme 10,000, kwa mwaka na zaidi, mpaka ikifika siku ya mwisho pikipiki inakuwa mali yake. Ukilala siku mbili tatu bila kupeleka simu inaita, ukizidisha unanyang'anywa, na miezi yote uliyolipa imekwenda na maji. Iangalie hiyo vizuri. Adhabu ya bosi ina uhakika, inakuja haraka, na haijali kama leo kulikuwa na mvua au mtoto anaumwa. Yaani yale yote ambayo Beccaria alitaka serikali iwe nayo, bosi wa mkataba anayo. Trafiki anaweza akawepo au asiwepo, bosi yupo kila siku saa kumi na mbili jioni. Kwahiyo asubuhi pale kwenye taa kijana ana sheria mbili mbele yake, ya nchi na ya hesabu, na anatii ile ambayo hajawahi kuikwepa hata siku moja. Daladala vilevile, tajiri anataka hesabu yake, mafuta juu ya dereva, konda naye anataka ale, ndio maana gari linatanua pembeni mpaka kwenye mitaro na kupakia watu mpaka mlangoni. Halafu sisi tunamkamata dereva. Tajiri aliyepanga ile hesabu, ambayo ukiendesha kwa kufuata sheria zote haifiki, huyo hakuna anayemuuliza kitu, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Lakini nisiseme kila kitu ni njaa, maana mimi niliyesema "pita" sikuwa na hesabu ya kupeleka kwa mtu.

New York kuna kisa kizuri sana kwa hili. Wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa kule walikuwa na kinga, wakipaki vibaya tiketi inaandikwa lakini hakuna wa kuwalazimisha kulipa. Kati ya mwishoni mwa 1997 na mwishoni mwa 2002 zikakusanyika tiketi zaidi ya 150,000 ambazo hazijalipwa, za zaidi ya dola milioni 18. Wachumi wawili, Raymond Fisman na Edward Miguel, wakachukua zile takwimu wakazipanga kwa nchi. Kwa hesabu ya Becker wote wangepaki ovyo sawasawa, si hakuna gharama? Haikuwa hivyo. Kuwait waliongoza, zaidi ya tiketi 200 kwa mwanadiplomasia mmoja kwa mwaka. Norway na Sweden, sifuri. Na kwa ujumla nchi zenye rushwa nyingi kwao ndizo watu wake walipaki vibaya zaidi. Mji mmoja, kinga ileile, kila mtu amekuja na sheria ya nyumbani kwao kichwani, kile alichozoea kwamba watu wa kawaida ndivyo wanavyofanya. Alafu Oktoba 2002 jiji likapata ruhusa ya kuwabana, magari yenye tiketi nyingi yananyang'anywa vibali vya paking, na makosa yakaanguka kwa karibu asilimia 98. Kwahiyo pale unaona vitu viwili kwa pamoja, mazoea yana nguvu sana, na mkono wa sheria ukiwa wa kweli unayashinda hata mazoea. Anayekwambia ni utamaduni tu hakuna cha kufanya, mpe hicho kisa.

Mazoea yanavyojengwa unayaona kwenye kutanua. Foleni imesimama, wote mko kwenye mstari. Gari moja linatoka linapita pembeni kwenye vumbi. Wa pili anaangalia. Wa tatu anafuata. Likifika la kumi wewe uliyebaki kwenye mstari unaanza kujiona bwege, tena siyo kujiona tu, kweli unaumia, kwa sababu kule mbele wale kumi wanaingia mbele yako na foleni yako inazidi kuwa ndefu. Anayefuata sheria ndiye anayelipa gharama ya wanaoivunja. Hapo hata mtu mwenye moyo safi anakata usukani, na ukimuuliza hasemi nimevunja sheria, anasema nisingefika.

Na hilo neno "nisingefika" lina kazi yake. Mwaka 1957 Wamarekani wawili, Gresham Sykes na David Matza, walikuwa wanaangalia vijana wanaofanya makosa, na wakakuta kwamba wengi hawazipingi sheria wala hawaoni uhalifu ni mzuri. Wanakubali kabisa kosa ni kosa, ila wana maneno ya kulilainisha kabla hawajalifanya. Maneno yenyewe walivyoyapanga ukiyasoma unasikia sauti za kijiweni kwetu. Siyo mimi, ni maisha. Sijamuumiza mtu. Huyo naye alijitakia. Mbona wao wakubwa wanaiba mabilioni. Nafanya kwa ajili ya familia. Muhimu hapo ni hiyo "kabla". Tunadhani mtu anafanya kosa kisha anatafuta sababu, kumbe sababu ilikuwa tayari mfukoni, ndiyo iliyofungua mlango. Mimi yangu pale Manzese ilikuwa "mara moja tu, nimechelewa".

Ila "sijamuumiza mtu" huwa inanisumbua. Kuna kijana wa mtaani kwetu, bodaboda, aliingia njia ya mwendokasi usiku akakutana na basi. Alikaa hospitali miezi, mguu mmoja haukurudi. Siku aliyoingia alikuwa ameingia mara ngapi kabla bila shida? Mamia. Ndio tatizo la hesabu zetu za kichwani, mara mamia ulizopita salama zinakufundisha kwamba hakuna hatari, na hatari yenyewe haina kawaida ya kufundisha taratibu.

Kuna jambo lingine kuhusu faini ambalo watunga sheria wangelijua mapema lingetusaidia. Israel, mjini Haifa, kulikuwa na vituo vya kulelea watoto ambako wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua wanao. Watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini wakavichukua vituo 10, wakaweka faini kwenye 6, shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika 10, na matokeo wakayatoa mwaka 2000. Wazazi wanaochelewa wakaongezeka, karibu mara mbili. Mwanzoni mzazi akichelewa alikuwa anaona aibu, mwalimu wa watu amekaa anamsubiri, kwahiyo anakimbia awahi. Ilipokuja faini aibu ikaondoka, ikawa nalipia huduma, dakika zangu nimenunua. Na faini ilipokuja kuondolewa aibu haikurudi, waliendelea kuchelewa vilevile. Yaani aibu ni sheria nayo, inalinda bure bila askari, na ukiiuza kwa bei ndogo hauinunui tena. Ukikaa na watu wa daladala utasikia faini inaongelewa kama mafuta na oili, ni gharama ya kazi, imeshawekwa kwenye bajeti ya wiki. Mtu wa hivyo humuadhibu, unamtoza ushuru.

Tukiachana na pesa na aibu kuna kitu kizito zaidi, mtu anaiona ile sheria ni ya nani. Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani, Tom Tyler, alihoji watu 1,575 pale Chicago, na alichokipata ni kwamba hofu ya kukamatwa ilikuwa na mchango mdogo kuliko watu wanavyodhani, kilichokuwa kinabeba zaidi ni kama mtu anaamini wenye mamlaka wana haki ya kumwamuru, na hiyo imani ilitokana sana na jinsi alivyotendewa, alisikilizwa, aliheshimiwa, aliona ametendewa kama wengine. Hata mtu aliyepigwa faini anaweza kuondoka akiwa bado anaheshimu sheria kama aliyempiga faini alimtendea kiungwana. Sasa fikiria kijana wa boda anayepigwa makofi na kuchomolewa ufunguo mbele ya abiria wake, na dakika hiyohiyo pembeni linapita gari la serikali, STK, peke yake wala siyo msafara wa dharura, kwenye njia ileile ya mwendokasi aliyokamatiwa yeye. Anachojifunza pale hakuna semina ya usalama barabarani itakayokuja kukifuta.

Na hili kwetu lina historia. Miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha Waluguru kule milimani Morogoro kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usimomonyoke. Kwa karatasi lilikuwa jambo jema kabisa, udongo kweli ulikuwa unaondoka. Lakini kazi ilikuwa ya shuruti, siku za kuchimba zimepangwa na wakubwa, usipoenda unashtakiwa, na matuta yenyewe kwenye ule udongo mwembamba yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakawa mabaya kuliko mwanzo. Watu wakagoma. Mwaka 1955 ikafika mpaka ghasia, mtu akauawa na polisi, na mpango ukafa. Wale wazee kwenye mafaili ya mkoloni ni wavunja sheria. Kwetu sisi ni watu waliokuwa wanajua shamba lao. Ndio maana naogopa sana kusema mtu anavunja sheria kwa sababu ni mbaya, kabla sijauliza hiyo sheria ilipitia wapi mpaka ikamfikia na inamwachia nafasi gani ya kuishi.

Tena tunajua kutii, mifano ipo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki, ile tunayoiita rambo, ilipigwa marufuku. Watu wengi tulibisha, nyanya tutabebea nini, samaki je. Wiki haijaisha soko zima limebadilika. Faini kwa aliyekutwa nao ilianzia 30,000 mpaka 200,000, lakini mimi sidhani kama ni faini iliyofanya kazi peke yake. Kwanza wote tulianza siku moja, hakuna aliyekuwa bwege. Pili mfuko mbadala ulikuwepo, mtoto anakuuzia pale nje ya soko. Tatu ukiwa na rambo unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Na cha nne, kutii hakukukunyima ugali wa siku hiyo. Kulikovuja ni palepale ambapo hayo yalikosekana, vile vifungashio vyepesi vya plastiki vinavyoonyesha kilichomo ndani, vilikuwa halali kwa kazi nyingine, wauza mboga wakaanza kuvipa kazi ya mfuko, na serikali ikabidi irudi tena mwaka 2021 kuvikataza.

Kenya nao walikuwa na zile sheria za Michuki. John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, kuanzia tarehe 1 Februari 2004 kila matatu ikatakiwa iwe na mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mstari wa njano, utingo na dereva wavae sare, na abiria wasizidi idadi. Matatu ziligoma siku kadhaa, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, yeye akakaza. Wakatii. Waliokuwepo Nairobi miezi ile wanaikumbuka kama ndoto. Mwishoni mwa 2005 akahamishiwa wizara nyingine, na pole pole mikanda ikachakaa, abiria wakarudi kusimama. Karatasi ilibaki ileile, aliyeondoka ni mtu. Kumbe waliyekuwa wanamtii ni Michuki, na sheria ilikuwa imepanda mgongoni kwake.

Haya yote hayafiki kwenye kila kosa. Anayepiga mke wake, anayembaka mtoto, jambazi wa silaha, huko kuna mambo mengine na sitaki nionekane natafutia watu wa hivyo visingizio. Naongelea haya makosa ya kila siku ya watu wa kawaida, ambayo ukiyajumlisha ndiyo yanayofanya barabara zetu ziue.

Yule dereva bado ndiye ananipeleka, namba yake ninayo. Mkataba wake uliisha mwaka juzi, kadi ya pikipiki ikaandikwa jina lake, aliniletea niione, ameiweka kwenye nailoni. Nimeona kitu toka siku hiyo ambacho sikumuuliza mpaka majuzi. Manzese anasimama. Foleni ikiwa ndefu namna gani anakaa na wenzake kwenye mstari, njia ya mwendokasi haigusi. Nikamuuliza kwanini siku hizi hupiti. Akasema, "Braza, wakiikamata hii ni yangu." Taa za usiku saa tano barabara ikiwa haina mtu hasimami, nimemwambia, anacheka. Na mimi nikichelewa bado mdomo unataka kumwambia pita.